Jenereta Niliyoichagua

Jumatatu, 6 Februari 1995

Gari limekuja! Si ambulensi, si Landrova. Ni nyumba. Nyumba kabisa, yenye magurudumu – vitanda viwili, sinki, kabati, mapazia ya maua, na friji dogo jeupe chini ya meza. Wazungu wawili, mtu na mkewe, walikuwa wanazunguka Afrika nalo. Walipofika Ngara wakakuta barabara imejaa watu wenye magodoro kichwani, hamu ya kutalii ikawaisha. Wakarudi kwao kwa ndege, gari wakamwachia Padre, msimamizi wa zahanati yetu. Na leo Padre kanikabidhi mimi ufunguo, mbele ya zahanati nzima. Justina, kasema, hii ndiyo kliniki yako ya vijijini.

Nimefurahi mpaka nimeona aibu. Tangu wakimbizi waje mwaka jana kila kitu kinakwenda kambini – maji, dawa, mahema, manesi. Sina kinyongo nao, wamekuja na walichoweza kubeba. Lakini mama wa Murukulazo naye anazaa! Na surua imeshaanza kule kambini. Watu wanakutana sokoni kila siku, haiwezi kukaa kule peke yake.

Dereva wangu ni Shilinde, Msukuma wa Nyabusozi, Biharamulo. Mtu mzima, mpole, hana maneno mengi. Amelizunguka gari mara tatu, akafungua boneti, akafunga. Nikamwuliza, vipi? Akasema gari zima, ila friji litatusumbua. Watu wengine hata siku ya furaha hawakosi neno.

Jumatano, 8 Februari

Shilinde alisema kweli, basi. Gari likitembea friji linapata umeme wa injini, halina shida. Likisimama – na sisi tutasimama siku tatu nne kila kijiji – betri ya gari inakufa kabla ya chakula cha mchana. Tumejaribu leo uani. Na huko tuendako hakuna hata waya mmoja wa umeme. Chanjo ya surua haitaki joto. Inatakiwa ikae chini ya nyuzi nane, usiku na mchana.

Kwa hiyo lazima tubebe umeme wetu. Padre ana vitu vitatu stoo. Nichague kimoja, viwili vilivyobaki atawapa wengine wanaovililia.

Kuna friji la mafuta ya taa. Hilo nimelikataa papo hapo. Linataka pasiwe na mtikisiko wowote – kwa barabara ya Bukiriro, mashimo mawili tu utambi umezimika.

Kuna sola. Ubao mweusi wa kioo, upana kama mlango, na betri yake nzito. Unafungwa juu ya paa, jua linafanya kazi. Shilinde anaitaka hiyo.

Na kuna jenereta. Nyekundu, ya petroli, inabebwa na watu wawili. Ukivuta kamba mara mbili inanguruma. Nimeivuta mwenyewe!

Shilinde anasema ile ni kelele na moshi, na petroli siku hizi inakwenda yote kwenye malori ya mashirika. Jua lipo kila siku, dada. Nikamwambia masika ndiyo hayo yanakuja, mawingu yatakaa wiki nzima, hapo utalivuta jua kwa kamba? Nikajiona nimeshinda.

Ijumaa, 10 Februari

Leo kwa Bwana Gidioni, mtunza chanjo wa wilaya. Mtu wa kalamu tatu mfukoni. Amenipa chupa za surua, kipimajoto, na karatasi ya kuandika joto la friji asubuhi na jioni. Akanikalisha chini kama mwanafunzi. Dawa hii ikipata joto haibadiliki rangi, anasema, wala hainuki. Utaiona nzima kumbe umebaki unachoma maji. Ukiwa na shaka, mwaga, uje uchukue nyingine. Nimekuwa nesi miaka kumi na tisa! Lakini niliitikia.

Akauliza nimechagua umeme gani. Jenereta, nikasema. Akatikisa kichwa. Sikuelewa kama ni kukubali au kusikitika.

Nitaandika ukweli humu, maana hakuna wa kuusoma. Sikuichagua kwa ajili ya mawingu. Mwaka jana niliazimwa kambini miezi miwili. Yale mahema ya hospitali, jenereta zinanguruma kutwa, taa zinawaka mchana kweupe! Wanawake wa vijiji vya jirani walikuwa wanapita na majembe yao, wanasimama, wanasikiliza, wanaendelea na njia. Ile picha haijanitoka. Nilitaka na kwetu kije kitu kinachonguruma.

Jumanne, 14 Februari

Bukiriro. Hoi lakini nina raha. Jenereta imenguruma siku tatu bila kukohoa. Akina mama wanasema walikuwa wanaifuata sauti yake kutoka ng'ambo ya bonde, hawakuhitaji kuelekezwa. Watoto wanacheza mbele yake. Friji nyuzi nne asubuhi, tano jioni, kila siku. Watoto themanini na mmoja wamechanjwa.

Shilinde anaiweka mbali, upande wa upepo, na anajifunga kitambaa puani anapoijaza. Anajifanya tu. Nimemtania kwamba Wasukuma wamezoea ng'ombe, kitu kisicho na mkia kinawatisha. Akacheka kidogo.

Ijumaa, 17 Februari

Murukulazo. Mzee Frednand ametupa nafasi kwenye ua wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa ameshanishika mikono yote miwili. Karimu sana. Kivuli ndicho hakuna. Miti yote ya mteremko ule imekwisha kwa kuni za kambini, imebaki visiki. Gari limesimama juani tangu saa nne.

Mkwewe, Priscila, katuletea ndizi na maharage, na mtoto mgongoni. Clarisse, miezi kumi, ana meno mawili na sauti ya mtu mzima. Priscila anataka Clarisse awe wa kwanza kuchanjwa. Nimemwahidi. Tunaanza Jumatatu, watu wametangaziwa kanisani.

Ndani ya nyumba kubwa yumo mama yake Mzee Frednand, mgonjwa. Nilikwenda kumwona. Mkono mwepesi kama jani. Niliwaambia wawe tayari.

Jumamosi, 18 Februari

Bibi amefariki alfajiri.

Tulisikia kilio, tukatoka. Tukasema mwihangane, poleni, tukakaa chini na wengine. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma yetu. Mimi nilikuwa nimeshaizoea, siisikii. Lakini niliona watu wanageuka. Kisha Mzee Frednand akaja, amejifunga shuka kiunoni. Hakuamuru. Alisema tu, mwanangu, mama hajazikwa. Hapa mtu akiwa bado yuko ndani hatulimi, hatutwangi, hata kuni hatupasui. Mashine yako inapiga kelele juu ya kichwa chake.

Ningesema nini? Nami ni Mhangaza kama wao, nimezaliwa na desturi hiyo! Alipokufa baba yangu, jirani alitwanga mtama kabla ya maziko, na mpaka leo hatusalimiani. Nikaizima kwa mkono wangu. Kimya kilichoingia – watu wakapumua.

Shilinde akaja pembeni. Anasema tutie chupa kwenye sanduku la baridi pamoja na barafu iliyopo, aazime baiskeli, azipeleke kwenye friji la zahanati sasa hivi. Kuwasha gari tuondoke haiwezekani, injini nayo ni kelele, na kuondoka msibani mahali ulipolishwa ni kuwatukana. Lakini baiskeli haina kelele.

Nikasema hapana. Maziko ni leo mchana, friji lililofungwa linatunza baridi. Tena dereva wangu apande baiskeli watu wakiwa wamekaa chini? Tutaonekanaje?

Jumapili, 19 Februari

Maziko hayakuwa jana. Mtoto mkubwa wa marehemu yuko upande wa Biharamulo, ndugu zake wamemsubiri. Kafika leo saa nane. Tumezika saa kumi.

Jua kutwa nzima, jana na leo. Sikulifungua friji. Niliogopa nikilifungua nitatoa baridi iliyobaki, ndivyo nilivyojiambia. Nimelifungua saa kumi na moja, baada ya kutoka makaburini. Nyuzi thelathini na moja. Barafu maji matupu, imelowesha mapazia ya maua.

Jenereta inawaka tena. Mzee Frednand mwenyewe ndiye aliyekuja kusema, sasa washa, mwanangu, na asante kwa heshima yako. Amenipa kata ya rubisi, pombe ya ndizi. Nimeinywa.

Jumatatu, 20 Februari

Watoto sitini na watatu. Clarisse wa kwanza, kama nilivyoahidi. Kipimajoto asubuhi: nyuzi nne. Nimechoka.

Jumanne, 21 Februari

Naidanganya hata shajara sasa.

Asubuhi ya jana kipimajoto kilisoma nne kweli. Lakini ile nne ilikuwa ya friji, si ya dawa. Dawa ilikuwa imekaa kwenye joto siku mbili kama uji. Kwenye karatasi ya Bwana Gidioni nimeandika: Jumamosi asubuhi nne, jioni nne. Jumapili nne, nne. Jumatatu nne. Mwandiko mzuri kabisa.

Akina mama walikuwa wameshafika kabla ya saa kumi na mbili. Wengine walitoka ng'ambo ya mto, wamelala njiani. Mmoja ana mapacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Wamesikia surua ya kambini, wanaogopa. Nilisimama mlangoni na chupa mkononi. Niwaambie rudini, dawa imeharibika? Watauliza, imeharibiwa na nini? Niseme na msiba wenu? Mzee Frednand amekaa pale pale kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa. Nikajiambia huenda nyingine zimepona. Huenda. Nikavuta dawa kwenye sindano.

Shilinde alikuwa anaandika majina kwenye kadi. Jioni, tukifunga vitu, akauliza, dada, ile karatasi umeandika ngapi? Nikamwambia kazi yake ni usukani. Mtu wa umri wa kaka yangu! Aliniletea maji ya kunawa, kama kila siku, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 1 Machi

Jumatano ya Majivu. Padre kanipaka msalaba kwenye paji la uso, nikaona anajua. Hajui. Nimewaza kwenda kuungama. Angenisikiliza, angenipa kitubio, ningetoka mwepesi. Na watoto sitini na watatu wangebaki vile vile na kadi zao. Nimerudi nyumbani bila kwenda.

Nafanya hesabu ya siku kila asubuhi. Hakuna habari ya Murukulazo. Kila siku isiyo na habari najipa moyo. Nimefunga nyama na sukari. Nani kaniomba sukari?

Jumatatu, 6 Machi

Nimemwomba Padre nibadilishe. Jenereta inywe petroli yake zahanati, sisi tuchukue sola, ambayo kwa bahati bado hajaigawa. Hakuuliza sana, alisema tu, heri umeona mwenyewe.

Shilinde kaifunga juu ya paa kwa nusu siku, kwa misumari ya bati na mipira aliyokata kwenye gurudumu bovu. Kauweka ubao ulale kidogo upande wa kaskazini, maana jua linahamia huko, anasema. Mawingu yapo, na bado friji lina nyuzi tano. Kimya. Unaweza kukaa ndani ya gari ukasikia kunguru wanatembea juu ya paa. Kitu hiki kingekaa katikati ya msiba wiki nzima, na asingegeuka mtu!

Nilikaa kitandani nikalia. Shilinde alikuwa nje anakusanya spana. Nikamwita, nikamwambia yote, ya nyuzi thelathini na moja na ya karatasi. Kumbe alijua. Alikichungulia kipimajoto Jumapili kabla yangu. Alikuwa anangoja nimwambie.

Dada, akasema, twende Murukulazo tukawachanje tena. Nikasema ndiyo, lakini dawa nitaipata wapi bila kumweleza Gidioni? Akasema basi mweleze. Kwake yeye jambo ni fupi hivyo. Nitapoteza kazi, nikamwambia. Na kijiji kitasema kimeadhibiwa kwa kumzika bibi yao kwa heshima. Akasema hayo yote kweli, na bado hatujasikia surua imefika kule.

Nimesema nitakwenda wilayani Alhamisi.

Alhamisi, 9 Machi

Sikwenda. Gari lilikuwa tayari tangu asubuhi, Shilinde amekaa kwenye usukani. Nikajikuta nahesabu bandeji stoo mpaka saa sita.

Mchana kapita mwalimu wa Murukulazo. Anasema surua imeingia kwao, kwa familia iliyohamia kutoka upande wa kambi. Watoto wao watatu wameota vipele mmoja baada ya mwingine, wiki ya pili sasa. Nikauliza, wengine wanajitenga? Kacheka. Ya nini, nesi? Wa kwetu wote si umewachanja! Akina mama wanakwenda kuwauguza wale wageni, watoto mgongoni, bila hofu. Priscila ndiye anayewapelekea uji.

Sikuweza kumaliza chai. Bila sindano yangu wangeogopa. Wangefunga milango, wangewaficha watoto wao. Nimewaondolea hata hofu.

Nimekwenda kwa Shilinde. Kesho asubuhi na mapema, nimemwambia. Wilayani. Naapa.

Ijumaa, 10 Machi

Tumekwenda. Bwana Gidioni hayupo, yuko safari, ofisi imefungwa kwa kufuli. Nimeacha ujumbe kwa karani kwamba nina jambo la Murukulazo. La dharura, nikasema. Karani akaandika "Murukulazo". Neno dharura sikuona akiliandika.

Nilihisi nafuu. Mungu anisamehe, nilihisi nafuu.

Jumamosi, 11 Machi

Bwana Gidioni amekuja mwenyewe. Pikipiki imeingia saa tatu. Nilidhani amepata ujumbe wangu. Hajaupata. Anapita zahanati zote kukusanya karatasi za joto, kwa sababu imeletwa dawa nyingi ya surua na lazima aigawe leo. Haitoshi vijiji vyote. Vilivyokwisha kuchanjwa vizuri havipati. Ameweka orodha yake juu ya meza yangu, kalamu zake tatu zote zimeishiwa wino, anacheka.

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Hapo hapo Priscila akaingia, vumbi mpaka magotini, Clarisse mgongoni. Kamwamkia Gidioni shikamoo, kaniamkia mimi. Mtoto ana homa siku ya tatu, anasema, na kikohozi. Wenzake walimtisha ni surua, yeye kawaambia haiwezekani, huyu alichanjwa wa kwanza kabisa, kadi hii hapa. Anataka dawa ya homa tu. Kisha anapita kwa dada yake hapo chini, kajifungua juzi, akamsaidie kufua.

Gidioni kaichukua kadi, kaisoma, kamrudishia. Basi ni meno hayo, mama, kasema. Akaniambia, unaona sista, kazi yako nzuri! Murukulazo naikata kwenye orodha, sivyo? Tia sahihi hapa.

Nikamwambia Priscila anipe mtoto kwanza. Macho mekundu, yanatoa maji. Nilimfungua mdomo karibu na dirisha. Ndani ya shavu, vitone vyeupe. Vingi, kama chembe za chumvi. Kesho au keshokutwa vipele vya surua vitatoka. Clarisse alinishika kidole, akakitia mdomoni.

Nimemrudisha kwa mama yake. Nimemwambia akae hapo kwenye benchi, peke yake, asiende kokote, asiende kwa dada yake, mpaka nitoke. Kwa nini, nesi? Kaa tu, mama. Amekaa. Gidioni ameacha kucheka. Shilinde amesimama mlangoni na kofia mkononi.

Nikasema nafuata kalamu ya kutilia sahihi, nikaingia humu chumbani.

Karatasi ya joto iko mbele yangu. Nimekata zile nne za Jumamosi na Jumapili, zote, kwa mstari mmoja mnene. Wino umepenya mpaka upande wa pili. Hazifutiki tena, na juu yake sijaandika kitu.

Nyuma ya ukuta nasikia Clarisse anakohoa. Priscila anamwuliza Shilinde nafanya nini huku ndani muda wote huu.

Bwana Gidioni anaita: Sista, kalamu umeipata?

Ninayo. Ndiyo hii ninayoandikia.